Siku moja maishani mwangu: mkutubi anayewafundisha wenzake mitandao ya kijamii

Saa 2:00 asubuhi

Mlango wa maktaba bado umefungwa, lakini wasomaji wameshafika. Wamefika usiku, kwenye ukurasa wetu wa Facebook na kwenye namba ya WhatsApp ya maktaba. Mmoja anauliza kama Jumamosi tunafungua. Mwingine ametuma picha ya jalada lililochanika nusu, anataka kujua kama tuna nakala ya kitabu hicho. Wa tatu ameandika hadharani, chini ya tangazo la vitabu vipya, jina lake kamili, namba ya kadi yake na kitabu anachoomba kuongezewa muda. Huyu ndiye ninayeanza naye.

Namwandikia kwa ujumbe wa ndani: "Ombi lako limepokelewa na muda umeongezwa. Tunayafuta maoni yako kwa sababu yana namba ya kadi yako. Ukihitaji tena, tuandikie huku huku ndani." Kisha nayafuta. Kuficha peke yake hakutoshi, maana maoni yaliyofichwa kwenye Facebook bado huonekana kwa aliyeyaandika na kwa marafiki zake. Watu wengi wanaosimamia kurasa za ofisi hawalijui hilo, na kwa maktaba si jambo dogo. Mkutubi hamwambii mtu mwingine msomaji fulani anasoma nini. Kaunta tunalifanya hilo bila kufikiri: tunashusha sauti, tunageuza skrini. Kwenye ukurasa unaosomwa na yeyote duniani lazima tujue vitufe vilivyo, na tujue kila kimoja kinafanya nini hasa.

Swali la Jumamosi nalijibu, kisha nabandika saa zetu za kazi juu kabisa ya ukurasa ili asiwepo wa kuuliza tena. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Kihindi, aliweka kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Posti iliyobandikwa juu inafanya kazi hiyo hiyo hata sisi tukiwa tumelala.

Saa 3:00

Milango wazi. Vitabu vilivyorudishwa vinaingizwa kwenye mfumo, foleni fupi ya kuazima, printa inagoma kidogo na kurudi. Saa ya kaunta haina habari kubwa leo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Saa 4:00

Somo. Limo kwenye ratiba ya zamu kama kazi nyingine yoyote, na mkuu wa maktaba ameagiza anayejifunza asiitwe kaunta mpaka saa iishe. Nimelipigania hilo kwa muda mrefu na nitaendelea kulipigania. Ukimwambia mfanyakazi akajifunze nyumbani, kwa simu yake na bando lake, akiwa amechoka, umemwambia kwamba jambo hilo si sehemu ya kazi. Naye atalichukulia hivyo.

Mfano ninaowapa wakuu ni wa mwaka 2006. Katika maktaba ya umma ya Charlotte na kaunti ya Mecklenburg, jimbo la North Carolina nchini Marekani, Helene Blowers aliandaa mpango wa kujifunza ulioitwa Learning 2.0, uliojulikana zaidi kama Mambo 23. Wafanyakazi walipewa mazoezi 23 mafupi ya kufanya wenyewe kwa mwendo wao: kufungua blogu, kupakia picha kwenye tovuti ya Flickr, kuweka lebo (neno fupi la kutambulisha kitu), kufuatilia habari kwa RSS (njia ya kuletewa habari mpya za tovuti nyingi mahali pamoja), kuhariri wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika), kutafuta video. Hapakuwa na mwalimu wa kusimama ubaoni. Kila mmoja alishika, akajaribu, akaandika alichokiona, na waliomaliza kwa wakati walipewa kicheza muziki cha MP3. Mpango uliachwa wazi ili maktaba nyingine ziuchukue na kuurekebisha, na zilizofanya hivyo ni nyingi, katika nchi nyingi. Zana kadhaa za orodha ile hazipo tena. Namna ya kujifunza ndiyo iliyobaki: kushika kitu, kukichezea bila kuogopa, na kuwasimulia wenzako.

Sisi tumepunguza mambo yakawa machache. Leo ni lebo, na nimemweka mbele mama yetu wa uorodheshaji. Ameorodhesha vitabu tangu enzi za kadi za katalogi kwenye droo, na wiki iliyopita aliniambia waziwazi kwamba haoni mitandao hii inamhusu nini.

"Mwanangu, nenda taratibu," anasema, na mimi naondoa mkono wangu kwenye kipanya. Kipanya ni chake.

Tunafungua LibraryThing, tovuti iliyoanzishwa na Tim Spalding mwaka 2005, ambako watu huorodhesha vitabu vyao wenyewe na kuvipa lebo wanazozitaka. Anatafuta riwaya moja ambayo yeye mwenyewe aliiingiza kwenye katalogi yetu. Sisi tumeipa namba ya Dewey, inayopanga vitabu rafuni kwa mada, na vichwa vya mada viwili. Kule wasomaji wameipa lebo chungu nzima: nyingine ni mada kama zetu, nyingine zinasema ilisomwa lini, nyingine zinasema tu kwamba mtu anayo na bado hajaifungua. Anazisoma moja moja kwa sauti. Halafu ananyamaza, anavua miwani, anasema kitu ambacho hakuna aliyemfundisha: "Hawa hawaelezi kitabu. Wanaeleza walivyokitumia."

Hapo somo likawa lake. Alituonyesha pia palipo na udhaifu. Kila mtu akijiwekea lebo yake, aliyeandika "mtoto" na aliyeandika "watoto" hawatakutana. Kwa mpangilio wa herufi mmoja yuko M na mwingine yuko W, na mashine haijui kwamba ni jambo moja. Lugha ambazo wingi wake unaongezwa mwishoni mwa neno zinapata nafuu kidogo, maana maneno hukaa jirani. Katalogi ilitatua hili zamani: chagua umbo moja, lile lingine liwe na "tazama". Akauliza alama za reli (hashtag) za maktaba yetu anazichagua nani. Ukweli ni kwamba kila aliyekuwa zamu alikuwa anaandika ya kwake. Akachukua karatasi, akaanza kuandika orodha: #VitabuVipya (siyo #KitabuKipya), #SaaYaHadithi, na hiyo tu. Mimi nikachangia moja, kwamba kila neno lianze na herufi kubwa, kwa sababu programu zinazowasomea wasioona hutenganisha maneno vizuri zaidi zikiziona herufi hizo. Akaiandika na kuipigia mstari chini.

Saa iliisha na hakuna aliyenyanyuka.

Saa 6:00 mchana

Zamu ya picha. Kijana wetu wa kaunta ana jicho zuri la kamera na Instagram anaijua kuliko sisi sote, kwa hiyo yeye simfundishi kupiga picha. Namfundisha mambo ya maktaba yanayozunguka picha. Amepanga vitabu vipya kwenye rafu ya mbele na nyuma yake kuna wasomaji wawili mezani, sura zao zinaonekana vizuri. Namuuliza swali moja: wameombwa? Anarudi, anaongea nao kwa heshima. Mmoja anakubali, mwingine hataki. Anahamisha pembe ya kamera, picha inabaki na vitabu na dirisha. Watoto, kwetu, hawapigwi picha bila ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi, hata picha ikiwa nzuri namna gani.

Kisha maelezo ya picha kwa wasioona. Facebook hutunga yenyewe, kitu kama "huenda ikawa picha ya kitabu", na mtu akiacha hivyo amemnyima msomaji asiyeona habari yote. Tunaandika yetu. Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Vitabu vipya maktabani." Nikamwomba afumbe macho nimsomee, kisha aniambie ni vitabu gani. Akacheka, akaketi, akaandika upya: "Vitabu vitano vimesimama kwenye rafu ya mbao, majalada yakitazama mbele. Kutoka kushoto:" na kufuatia majina ya vitabu na waandishi kwa mpangilio ule ule. Imechukua muda kidogo tu. Sasa anayesikiliza simu yake anaweza kuomba kitabu cha tatu kutoka kushoto kama mwingine yeyote.

Saa 7:00

Mapumziko. Simu ya ofisi naiacha mezani kwa makusudi. Anayejibu ujumbe wa wasomaji naye anahitaji kupumzika, na tumeandika kwenye ukurasa saa tunazojibu ili asiyejibiwa mara moja asidhani amepuuzwa.

Saa 8:00 alasiri

Sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote. Tunahariri Wikipedia, tukiwa na vitabu vyetu mezani.

Kuna kampeni ya wakutubi inayoitwa #1Lib1Ref, iliyoanza Januari 2016 wakati Wikipedia ilipotimiza miaka 15. Ombi lake ni jepesi: kila mkutubi aongeze rejea moja. Nadhani hakuna zana ya mtandao inayomfaa mkutubi kuliko hii, kwa sababu inaomba kile kile tunachokifanya kila siku, kumwonyesha mtu habari imetoka wapi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na makala zake nyingi zinaweza kuimarika kwa mtu mmoja mwenye rafu ya vitabu karibu yake.

Mwenzetu wa chumba cha rejea amepata sentensi isiyo na chanzo: kwamba matumbawe ni wanyama, ingawa huonekana kama mimea au mawe. Ni kweli, lakini nani kasema? Anaondoka bila kusema neno, anarudi na kitabu kinene cha viumbe vya baharini. Anaanzia kwenye faharasa nyuma, kidole kikishuka kwenye safu, anafika ukurasa, anasoma aya nzima na siyo mstari mmoja, kisha anasoma tena ile ya juu yake kuhakikisha mwandishi anazungumzia kitu kile kile. Ndipo anapogusa kibodi. Anabofya mahali pa kuweka rejea, anaingiza ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Kitabu ni cha zamani, kina tarakimu 10. Tarakimu 13 zilianza rasmi mwaka 2007. Sanduku linazipokea, linavuta lenyewe jina la kitabu, mwandishi na mwaka. Mwaka uliokuja ni wa toleo lingine, anaurekebisha kwa kuangalia nyuma ya ukurasa wa jina. Anaongeza namba ya ukurasa, maana mashine haiijui, kisha anaandika muhtasari wa badiliko na kuchapisha.

Namwonyesha kichupo cha historia. Jina lake la mtumiaji liko pale, na saa, na alichobadilisha, na lolote litakalofuata baada yake. "Kwa hiyo nikikosea inajulikana na inarudishwa," anasema. Ndiyo. Kwa watu waliolelewa kwenye kazi ambayo rekodi iliyoharibika ni aibu kubwa, kujua hilo kunaondoa hofu nyingi. Anatafuta sentensi nyingine.

Saa 10:00

Kazi isiyopendeza lakini isiyokwepeka: funguo. Kila akaunti ya maktaba lazima isajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, siyo ya mtu. Lazima iwe na wasimamizi wasiopungua wawili, na uthibitisho wa hatua mbili usiotegemea simu ya mtu mmoja. Najua maktaba iliyopoteza ukurasa wake kwa sababu aliyeufungua alihama kazi na nywila ikahama naye. Wafuasi wote walibaki kule, na hakuna wa kuwaandikia.

Nawakumbusha pia kwamba nyumba hizi ni za kupanga. Google Reader, ambayo wakutubi wengi waliitegemea kufuatilia habari za fani yao, ilifungwa Julai 2013. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungiwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Kwa hiyo picha zote tunazopakia zina nakala kwenye diski yetu, na tangazo lolote la maana linakaa kwanza kwenye tovuti ya maktaba, kisha ndiyo linapelekwa mitandaoni. Vijana hulizoea hili kwa shida. Wanaona ni kurudia kazi. Nawaambia tunatunza kumbukumbu, na kumbukumbu ya shughuli zetu wenyewe nayo ni mali ya maktaba.

Saa 11:00 jioni

Napanga posti ya kesho asubuhi ijitume yenyewe, nikitumia alama za reli za ile karatasi, ambayo sasa imechapwa na kubandikwa kando ya kompyuta ya kaunta. Msomaji wa jalada lililochanika amejibiwa: nakala ipo, imewekwa kando kwa jina lake. Yule wa chumba cha rejea ameniachia orodha ya makala anazotaka kuzipitia na vitabu atakavyovihitaji kutoka ghala.

Somo la kesho analiongoza mama wa uorodheshaji. Ameomba lisifanyike chumba cha mikutano bali katikati ya rafu, projekta ielekezwe ukutani, ili kila lebo itakayopendekezwa ijaribiwe kwenye kitabu kilichopo mkononi. Nimeshamtafutia waya mrefu wa umeme.