Nilivyomtoa moyoni bila kumchukia

Hakunidanganya, na hilo ndilo lilinitesa. Ukitapeliwa unapata wa kumkasirikia. Huyu nilipomwambia ninavyompenda alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nakuchukulia kama kaka yangu," kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Washkaji wa kijiweni walikuwa na dawa moja: tafuta mwingine. Sikuitaka. Huyo mwingine naye ana moyo.

Namba yake sikuifuta. Naijua kwa kichwa, kuifuta ingekuwa maigizo tu. Ila nilificha status zake za WhatsApp, nikaacha kumtumia vocha, nikamwambia wazi: "Naomba nikae kimya kwa muda, usidhani nimekununia." Alikubali. Zamani kila "asante kaka" yake ilinipotezea siku nzima, nikipima kile kialama cha moyo alichoweka mwishoni.

Kilichobaki kilikuwa alfajiri. Saa kumi macho makavu, kifua kimebana. Sisi wa Mbagala hatukosi klabu za jogging, basi nikajiunga na moja. Jumamosi kabla jua halijachomoza tunashika Barabara ya Kilwa kuelekea Mtoni, filimbi mbele, mmoja anaanzisha wimbo, wengine tunaitikia. Jaribu kuitikia wimbo huku pumzi zimekukatikia, halafu uniambie kama utapata nafasi ya kumuwaza mtu.

Lakini mbio zenyewe hazikunisaidia kama supu ya baadaye. Pale kuna fundi bomba mmoja, mtu mzima, siku hiyo anakamulia ndimu kwenye bakuli lake akaniuliza bila kuniangalia: "Mdogo wangu, nani kakuumiza?" Nikamweleza yote. Hakunipa ushauri. Alisema tu kwamba yeye ujanani alikonda kwa ajili ya mwanamke mpaka suruali zikawa zinamvuka. Tukacheka mpaka mama wa supu akatugeukia. Tangu hapo kila Jumamosi ananiuliza, "Wiki hii umelala?" Mwanzoni nilikuwa namjibu sijalala. Siku hizi namjibu nimelala, na si uongo.

Juzi nimeunganishwa kwenye kundi la michango ya harusi yake. Nimechanga, kiwango cha kadi ya mtu mmoja. Fundi akauliza kama nitakwenda. Nikamwambia siku hiyo klabu yetu imealikwa Chamazi.

"Jogging ni asubuhi," akasema. "Harusi ni usiku."

Nikamjibu nitakuwa nimechoka.