Chumvi ya Sebuleni

Mwaka 2016 nilipanga vyumba viwili Shangani, Mtwara, na sebuleni nikawa na bahari yangu: tangi la kioo la lita 60 alilolitengeneza fundi wa madirisha ya alumini, na pampu ya hewa niliyoagiza Kariakoo. Ndani samaki wawili, mawe, na konokono kumi na wawili niliowaokota miambani maji yalipokupwa. Msimbati nasikia wapo wazuri zaidi, ila kule ni hifadhi ya bahari, sikuthubutu.

Konokono ndio walionichelewesha kazini. Kioo kikiota utando wa kijani wanaupanda usiku, asubuhi unakuta njia zao za mikwaruzo, kama shamba lililofyekwa kwa panga butu. Ukimvizia mmoja kwa upande wako wa kioo, unauona mdomo ukifunguka na kufumba, ulimi wenye vijimeno ukilamba.

Julai kusi ikawa inaingia dirishani mchana kutwa, na maji yakipungua karibu lita moja kila siku. Jioni nateremka ufukweni na dumu, nachota maji ya bahari, najazia. Sikukosa hata siku moja. Mwezi haujaisha, konokono wakaanza kupanda juu ya maji na kuganda ukingoni, wamejifunga. Nikadhani chakula kimewaishia chini. Mmoja akadondoka chali, nikamgeuza. Kesho yake yuko chali tena. Nikamnusa. Anayemnusa konokono aliyekufa harudii. Wanne wengine wakamfuata.

Mjomba alikuja kutoka Lindi kutibiwa macho. Ujana wake wote ameumalizia kwenye mashamba ya chumvi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Hicho kinachonguruma ni nini?”

Nikamweleza. Akapapasa ukingo wa tangi, kidole kikakuta ule ukoko mweupe ambao mimi naufuta kila Jumapili bila kuuwazia. Akaulamba.

“Mjomba,” akaniita, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, “unajazia maji gani?”

“Ya bahari. Tena masafi.”

Akacheka hadi akakohoa. “Sisi kazi hiyo tulikuwa tunalipwa! Unaingiza maji jarubani, jua linabeba maji, chumvi linakuachia. Unaingiza mengine. Hapa bado kidogo tu uvune.”

Usiku nikapiga hesabu. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Lita 30 zangu zilikuwa zimeleta zaidi ya kilo, na karibu yote ilikuwa bado mle. Konokono hana pa kujificha: chumvi ikizidi nje, maji ya mwilini mwake yanatoka kuifuata.

Nilitaka kumwaga ndoo ya maji baridi, yasiyo na chumvi, palepale. Mjomba akanizuia, alishaona mvua ya ghafla ikiua kila kilichokuwa hai jarubani. Basi asubuhi na jioni nikawa natoa jagi moja la maji ya tangi, narudishia jagi la maji ya kunywa, polepole. Nikabandika utepe kwenye kioo kuonyesha kimo, na tangu hapo kinachopungua nakijazia maji baridi.

Siku ya sita asubuhi nikakuta njia mpya, kutoka ukingoni hadi chini. Nikamwita mjomba aje aone, nikasahau macho yake. Akaja hivyo hivyo, akaweka kidole juu ya kioo, akaniambia nimwongoze inapopita.