Zilikuwa Zimekaa Wapi?

Kabla Sista, inchaji wetu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, hajahamia kwetu, wodi yetu ilikuwa na ukimya ambao wageni waliudhania kuwa nidhamu. Ripoti ya asubuhi ilisomwa harakaharaka: huyu homa imeshuka, yule amelala vizuri, yule anasubiri picha ya kifua. Basi. Aliyekuwa akituongoza zamani alikuwa muuguzi hodari, mwenye mikono inayoijua kazi, lakini akikukuta umekosea alikusimamisha katikati ya wenzako na kukuuliza ulisomea wapi. Ukisimamishwa hivyo mara moja, unajifunza. Unajifunza kunyamaza.

Tangu hapo nimekaa kwenye semina nyingi za kujenga timu. Tumegawiwa fulana, tumevuta kamba, tumebandika kaulimbiu ukutani. Sivibezi vitu hivyo, maana kucheka pamoja na wenzako wa kazi ni jambo jema. Lakini nikiulizwa timu yetu ilianza lini kuwa timu, nitaitaja asubuhi moja, na hata asubuhi yenyewe si yote. Dakika chache tu.

Usiku wake tulikuwa wachache na wodi ilikuwa imejaa. Mmoja wetu alikuwa binti aliyetoka chuoni si zamani, makini, mwenye kijidaftari mfukoni ambacho aliandika kila alichoelekezwa. Alikuwa akiandaa antibiotiki, ile inayokuja kama unga ndani ya kichupa na kuyeyushwa kwa maji ya sindano. Mimi nilikuwa mezani najaza chati za dripu. Akaja na trei. Ndani yake mlikuwa na bomba la sindano lililokwisha kujazwa na ampuli moja, kile kichupa kidogo cha dawa, iliyovunjwa shingo. Hakuiweka mezani. Alisimama nayo mkononi.

"Dada, naomba unisomee hii."

Nikaisogeza kwenye taa. Ilikuwa ampuli ya mililita 10, na maandishi yake madogo ya buluu yalikuwa na herufi zilezile za ampuli za maji. Lakini hayakusema maji. Yalisema potasiamu kloridi.

Kwa asiyeijua dawa hii: potasiamu ni madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa, na mgonjwa aliyepungukiwa huongezewa kwa dripu, ikiwa imechanganywa kwenye maji mengi, iingie polepole kwa saa kadhaa. Ikisukumwa mshipani ikiwa kali hivyohivyo, inaweza kuusimamisha moyo palepale. Mgonjwa aliyekuwa akiisubiri antibiotiki ile alilala hatua chache kutoka mezani kwetu, mkono wenye kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, ameutoa nje ya blanketi.

Hakuguswa. Chuoni tunafundishwa kusoma jina la dawa tunapoichukua, tunapoivuta, na tena kabla ya kutupa ampuli. Ni kile kisomo cha mwisho, ambacho mtu mwenye haraka hukiruka kwanza, kilichomwokoa mgonjwa yule. Tukaandaa dozi upya, tukasomeana kwa sauti, akapata dawa yake kwa kuchelewa kidogo.

Kisha binti akaniuliza kama kuna haja ya kusema. Lilikuwa swali la haki. Hakuna aliyedhurika, hakuna aliyeona isipokuwa sisi wawili, na ampuli ikishaingia kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, habari ingeishia humo. Nilimwambia tuitunze ampuli, na kwamba akimweleza Sista asubuhi nitasimama ubavuni pake. Sista mwenyewe bado alikuwa mgeni kwetu. Sikujua atafanya nini.

Zamu zilipokutana, binti akaiweka ampuli juu ya meza na kueleza akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Sauti ilimkatika alipofika kwenye jina la dawa. Zamu iliyokuwa ikiingia ilimtazama yeye, kisha ikamgeukia Sista, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa akilisubiri lile swali la ulisomea wapi.

Sista akaichukua ampuli, akaigeuzageuza.

"Zilikuwa zimekaa wapi?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. "Twendeni mkanionyeshe," akasema, na tukaondoka wote, wanaotoka na wanaoingia, hadi kwenye kabati la dawa. Ampuli za maji na za potasiamu zilikaa rafu moja, kwenye trei moja ndefu iliyogawanywa kwa kipande cha boksi. Kipande hicho kilishalowa na kulala siku nyingi, na ampuli za upande huu zilikuwa zimebingirika hadi upande ule. Sista akachota kiganja kimoja, akazitandaza juu ya kitambaa, akamwomba mkongwe wetu, ambaye wote tulimwita Mama, atenge za maji akiwa amesimama hatua moja nyuma. Mama akakaza macho. Hakuweza. Si yeye tu, hakuna aliyeweza.

Hapo Mama akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa hadhi yake. "Mimi nimewahi kuivuta hiyo. Niliimwaga kwenye sinki. Sikumwambia mtu."

Mwenzetu mwingine akasema naye alishawahi kuishika, akagundua kabla hajaivunja. Halafu mhudumu wa usafi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, akasema yeye huona zimechanganyika kila anapofuta rafu ile, ila alidhani si kazi yake kuwaambia wauguzi.

Nilisikia mwili wangu ukipoa. Miaka yote ile tulikuwa tukipita kando ya shimo lilelile, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyenusurika kutumbukia.

Sista hakutoa hotuba. Aliwashukuru wale watatu, akamgeukia binti: "Asante, mwanangu. Nenda ukalale. Mchana nitakupigia nikuambie tumefikia wapi." Na kweli alimpigia. Naiona simu ile kuwa na uzito kuliko shukrani zenyewe, kwa sababu wakuu wengi wanajua kusema asante, lakini aliyeleta habari mbaya huachwa nyumbani akijiuliza nini kinaamuliwa nyuma yake.

Habari zilifika utawala kabla ya siku kwisha, na utawala ukataka binti aandikiwe barua ya onyo. Sista akaniomba niende naye, pamoja na mfamasia. Alibeba karatasi moja aliyokuwa ameichapa: mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 kuhusu usalama wa mgonjwa, ambayo yanataka dawa kali za aina hii, potasiamu ikiwa ya kwanza kutajwa, ziondolewe kwenye kabati za wodi na kudhibitiwa mahali pamoja. Akaiweka mbele yao. "Mwongozo huu ulikuwepo kabla binti huyu hajaingia chuo. Kabati letu halikuufuata. Barua tumwandikie nani?"

Mfamasia naye, mtu wa maneno machache, akawaeleza habari ya marubani. Tangu mwaka 1976 Marekani ina mfumo ambamo marubani na waongoza ndege huripoti mambo yaliyokaribia kuleta ajali. Ripoti zao hazipokelewi na mamlaka yenye uwezo wa kufuta leseni. Hupokelewa na NASA, shirika la anga za juu, na jina la aliyeripoti huondolewa. "Waligundua," akasema, "kwamba ukitaka kujua ndege inakaribia kuanguka wapi, lazima anayejua asiogope kukuambia."

Barua haikuandikwa. Ampuli za potasiamu zilihamishiwa famasi zikafungiwa huko, na tukizihitaji tunaziomba kwa maandishi ya daktari.

Lakini kabati ndilo lililokuwa rahisi kurekebisha. Watu walichukua muda. Sista alianza kuuliza mwishoni mwa kila makabidhiano: "Kuna lililokutisha kwenye zamu yako?" Mwanzoni hakuna aliyejibu. Basi akawa anaanza yeye, analitaja lake, bila kulipamba, kisha anasubiri. Alikuwa na subira ya ajabu ya kukaa ndani ya kimya bila kukijaza. Polepole majibu yakaja, madogo kwanza: lebo iliyofutika, pampu ya dripu inayopiga kengele bila sababu, mwandiko wa daktari usiosomeka. Kila lililosemwa liliandikwa kwenye daftari, na wiki iliyofuata alitusomea lililofanyika. Lisilofanyika alilisema pia, na kwa nini. Naamini bila hatua hiyo ya pili lile swali lingekufa mapema, kwa kuwa mtu haendelei kusema mahali ambapo maneno yake hayaendi popote.

Wapo waliodhani amekuwa mlegevu. Hao hawakuwepo alipogundua mwenzetu mmoja aliandika vipimo vya presha ambavyo hakuvipima. Huyo alipata barua, kutoka mkononi mwa Sista huyohuyo. Kukosea na kudanganya kwake vilikuwa vitu viwili, na kwa kuwa alivitenga waziwazi, sisi wengine tulijua tumesimama wapi. Nimeona sehemu nyingine za kazi zikivichanganya. Ama kila kosa linaadhibiwa na watu wanaficha, ama hakuna linaloulizwa na wanaofanya kazi vizuri wanachoka kuwabeba wengine.

Kulikuwa na wakati mgumu baadaye, katika kikao cha hospitali nzima, chati ya makosa na ajali zilizoripotiwa na kila wodi ilipooneshwa ukutani. Mstari wa wodi yetu ulikuwa mrefu kuliko wa wodi zote. Kwa macho ya haraka tulikuwa wabovu kuliko wote. Mkuu mmoja akasema tujitathmini. Sista akasimama na kuomba wodi zenye mistari mifupi zitusaidie: zina makosa machache, au zina wasemaji wachache? Hakuna aliyejibu, na kikao kikaendelea.

Miaka ilipita ndipo nikasoma kazi za Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonesha kinyume. Alipochimba zaidi akaona sababu: kwenye timu zile watu walikuwa huru kuyataja. Mwaka 1999 alichapisha utafiti ulioliita jambo hilo usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya wanatimu kwamba mtu hataaibishwa kwa kuuliza, kukiri au kupinga. Nilisoma hadi mwisho bila kuinuka. Ilikuwa chati yetu ileile.

Mwaka 2020 ulipofika na korona ndipo tulijua tulichokuwa tumejengewa. Ratiba za zamu zilibadilika kila siku, wenzetu waliugua, tukaletewa watu kutoka idara nyingine ambao hawakujua hata swichi za taa zilipo. Sitasema hatukulia. Lakini daktari wetu mwandamizi aliweza kusema mbele ya wote, "Nimekesha, akili haishiki. Naomba mmoja wenu anikokotolee dozi hii kwa upande wake, tulinganishe." Na aliyekokotoa alipopata jibu tofauti, alisema ni tofauti.

Siku moja daktari huyo alikuwa akitoka chumba cha kutengwa kuelekea wodi ya kawaida, akiwa amezama kwenye simu ya rufaa. Mhudumu wa usafi, yuleyule wa mlangoni, akamwekea mopu mbele ya miguu. "Daktari, hiyo gauni umetoka nayo ndani." Daktari akasimama, akajitazama, akakata simu. Akarudi kuvua gauni la kujikinga na kunawa, kisha akawaita madaktari wanafunzi wawili waliokuwa nyuma yake, akamwomba mhudumu awaangalie na wao kabla hawajapita.