Kabla ya Kuuliza Mkono Utapona Lini

Wagonjwa walioumia neva za mkono, yaani mishipa yake ya fahamu, huniuliza swali moja kabla hata hawajaketi: "Nitapona lini?" Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nimezoea kulijibu kwa kutafuta kwanza wapi, yaani neva imeumia mahali gani katika safari yake kutoka shingoni hadi kwenye ncha za vidole. Mahali hapo ndipo panapoeleza kilichopotea, na ndipo pia hesabu ya siku za kungoja inapoanzia.

Mwanamume mmoja alikuja kwangu wiki ya tatu baada ya kuvunjika mfupa wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Mfupa ulikuwa unaunga vizuri, lakini kiganja kilining'inia, na hakuweza kukiinua wala kunyoosha vidole na kidole gumba. Neva ya radiali, inayoendesha misuli ya kuinua kiganja na kunyoosha vidole, hupita pale ikiwa imeegemea mfupa na kuuzunguka kwa nyuma, kwa hiyo mfupa ukivunjika neva nayo huwa hatarini. Yeye hakulalamikia kiganja kuning'inia. Alilalamikia kukosa nguvu za kushika, akaamini kwamba mkono mzima umepooza. Nilimwinulia kifundo cha mkono, nikamwomba anibane vidole, naye akabana kwa nguvu ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia. Misuli ya kukunja vidole huendeshwa na neva nyingine mbili za mkono, mediani na alna, ambazo kwake zilikuwa nzima, ila kifundo kikiwa kimeanguka kano za misuli hiyo hulegea mno, na mvuto wake haufiki popote. Ndiyo maana ninasisitiza gango la kuinua kifundo tangu mwanzo: humrudishia mtu matumizi ya mkono wakati neva ingali kimya.

Kiwiko chake kilinyooka kwa nguvu zote, na hilo lilikuwa ushahidi, kwa sababu matawi ya kwenda kwenye misuli inayonyoosha kiwiko huwa yamekwisha kuchepuka kabla neva haijafika kwenye mvunjiko ule. Mtu anayeegemeza kwapa juu ya magongo kwa muda mrefu huweza kupoteza hata unyooshaji wa kiwiko, maana kwake neva imebanwa juu zaidi. Likiumia tawi la ndani la neva hiyo hiyo ya radiali, lililo chini kidogo ya kiwiko, vidole huanguka lakini kifundo bado huinuka, kikielekea upande wa kidole gumba, na ngozi haifi ganzi mahali popote. Anayeujua mpangilio huu anaweza kutaja palipoumia kwa kuutazama tu mkono unavyojaribu kufanya kazi.

Neva ya alna ndiyo niliyoikosea. Hupita nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga huhisi mshtuko kama wa umeme mpaka kwenye kidole cha mwisho, kisha hushuka na kuendesha sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja. Misuli hiyo ikipooza, kidole cha pete na cha mwisho hupinda kama kucha za ndege. Msomaji angetarajia kwamba jeraha la kiwikoni, kwa kuwa liko juu, litavipinda vidole kuliko jeraha la kwenye kifundo, kumbe ni kinyume: la kiwikoni hupooza pia msuli unaokunja ncha za vidole hivyo viwili, na kwa hiyo hakuna cha kuzivuta. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimhudumia mgonjwa aliyeshonwa neva hiyo karibu na kiwiko, na baada ya miezi kadhaa vidole vyake vikazidi kupinda, nami nikamwambia kwamba hali inazorota. Kumbe neva ilikuwa inapona, na msuli wa kukunja ncha, ulio karibu zaidi na jeraha, ulikuwa umeamka kwanza. Alilia mbele yangu kwa habari ambayo ingepaswa kumfurahisha, na hilo bado linaniuma.

Kwa neva hiyo ninapenda kipimo kinachobeba jina la Jules Froment, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1915. Mgonjwa hubana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, nami naivuta. Msuli wa kubana ukiwa umepooza, ncha ya kidole gumba hujikunja, kwa sababu mtu, bila kujua, huazima msuli unaoendeshwa na neva ya mediani.

Neva ya mediani yenyewe inapokatwa kwenye kifundo, kidole gumba hushindwa kusimama mbele ya vidole vingine, lakini hasara kubwa kwangu ni ganzi. Ngozi ya upande wa kiganja wa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete ndiyo inayopapasa kitufe na kutambua ufunguo mfukoni. Bila hiyo mtu huungua asijue. Hapo pia ndipo ninapoomba uangalifu kwa watoto waliovunjika mfupa juu kidogo ya kiwiko. Tawi moja la mediani huumia mara nyingi katika ajali hiyo bila kuacha ganzi yoyote, na asiyemwomba mtoto atengeneze duara kwa kukutanisha ncha za kidole gumba na cha shahada atalipita bila kuliona. Vivyo hivyo bega lililoteguka: gusa ngozi ya ubavu wa bega kabla ya kulirudisha na baada ya kulirudisha, kwa maana neva ya aksila, inayohudumia ngozi hiyo, hupita pale chini, na jeraha lisiloandikwa mapema baadaye haliwezi kutenganishwa na jeraha lililoletwa na tiba.

Sasa lini. Mwaka 1943 Herbert Seddon, daktari mpasuaji Mwingereza, aligawa majeraha ya neva katika madaraja matatu: neva iliyositisha kazi tu huku nyuzi zake zikiwa nzima, ambayo huamka baada ya siku au wiki; ile ambayo nyuzi zimekatika lakini maganda yamebaki; na ile iliyokatika kabisa, ambayo haiponi vyema bila kushonwa. Nyuzi zilizokatika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Tokea kiwikoni hadi kwenye misuli midogo ya kiganja ni kama milimita 300, yaani takriban miezi 10, na msuli usiofikiwa na neva kwa miezi 12 hadi 18 hauamki tena ipasavyo. Mgonjwa aliyechelewa miezi 6 kufika kwa daktari mpasuaji amekwisha kuutumia muda huo, na ndiyo maana siku hizi baadhi ya wapasuaji huazima tawi la mediani karibu na kifundo na kuliunganisha na neva ya alna, ili njia iwe fupi.

Yule mwenye kiganja kilichoning'inia hakuhitaji kupasuliwa, kama ilivyo kwa wengi waliovunjika hivyo bila kidonda cha wazi. Kila alipokuja niligonga polepole juu ya njia ya neva, kuanzia chini kwenda juu, na pale alipohisi mchomo wa kutembea kuelekea mkononi nilichora mstari kwa kalamu na kupima umbali wake. Mistari iliendelea kushuka. Katika mwezi wa nne msuli ulio juu ya kiwiko, upande wa nje, ulikaza chini ya kidole changu alipokunja mkono, wiki chache baadaye kifundo kikainuka, na kidole gumba kikawa cha mwisho kunyooka.