Tui la lozi katika chai ya tangawizi: jaribio la tisa halikukatika

Jana jioni, katika jaribio la tisa, hatimaye nilikunywa chai ya tangawizi yenye tui la lozi ambalo halikukatika, nami naandika haraka kabla sijasahau vipimo. Tui lenyewe halijabadilika: gramu 100 za lozi zilizolowekwa usiku kucha na kumenywa, kwa mililita 400 za maji.

Majaribio manane yaliyotangulia yaliniudhi mno, kwa sababu tui likiwa baridi lilikuwa laini kabisa, lakini mara tu lilipoingia katika chai inayochemka liligawanyika, mabonge meupe yakielea juu ya maji ya rangi ya kutu. Kwanza nilishuku uchujaji, nikaacha kifumbu cha nazi, ambacho hupitisha chenga, nikahamia kwenye melimeli iliyokunjwa mara mbili. Kwa lozi sitarudi tena kwenye kifumbu, ila tui lilikatika vilevile. Kumbe protini za lozi huganda zinapokutana na joto kali pamoja na uchachu, na chai ina uchachu kidogo hata kama ulimi hauutambui. Maziwa ya ng'ombe huvumilia kuchemshwa na majani ya chai kwa kuwa kaseini, protini yake kuu, haigandi kwa joto hilo, na ndiyo maana mazoea ya kuchemsha kila kitu katika sufuria moja yalinipotosha kwa wiki tatu nzima.

Safari hii nilichemsha majani na tangawizi kwa maji matupu, nikachuja, nikasubiri hadi kipimajoto kikashuka kufikia nyuzijoto 70. Tui nililipasha kando hadi nyuzijoto 50, nikatia magadi soda kiasi cha ncha ya kisu ili kupunguza uchachu, kisha nikamimina chai ndani ya tui kidogo kidogo huku nikikoroga, wala si tui ndani ya chai. Magadi yakizidi, chai hugeuka nyeusi na kuwa na ladha ya sabuni, kama ilivyotokea katika jaribio la saba.

Nilikusudia leo kuyakausha machicha kwa ajili ya biskuti, lakini bado yamo katika friji, kwa kuwa mkungu ulio mbele ya nyumba umeangusha matunda, nami tangu asubuhi napasua kungu ili nipate kiini chake, ambacho ladha yake inakaribiana sana na ya lozi. Hadi sasa nimepata gramu 22.