Nyuso za maji kupwa: kumbukumbu ya mradi, mwezi wa tano

Kwa waliodandia mradi huu katikati ya safari: nilifanya kazi melini miaka kumi na moja, na kila bandari nilishuka na kamera. Durban, Mumbai, Muscat, Santos, Hamburg. Nikarudi Tanga na maboksi ya picha za watu, na ukinyooshea kidole sura yoyote ukaniuliza "huyu nani?", sina jibu. Nilizipiga kwa mbali, nyingine kwa kuibia, kisha nikakimbilia meli. Ndiyo maana mradi huu una sharti moja tu: sura arobaini za pwani yetu, kutoka Deep Sea hapa mjini Tanga hadi kijiji cha Kigombe, kila moja na jina nyuma yake, na mwenyewe apewe nakala mkononi. Isiyomfikia mwenyewe siihesabu.

Mwezi ulipoanza: zilizopigwa 27, zilizofika 15.

Kazi kubwa safari hii ilikuwa akina mama wanaochokoa pweza Kigombe. Hawa huwapati siku yoyote unayotaka. Wanatoka maji ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ikikupwa mbali na mwamba ukabaki wazi. Ukienda maji mafu utaambulia picha za mitumbwi.

Siku ya kwanza sikupiga hata moja. Nilimwamkia bi mkubwa aliyekuwa mbele yao.

"Marahaba mwanangu. Na hilo dude shingoni?"

Nikamweleza mradi, na kwamba picha nitamletea.

"Wote husema wataleta. Mimi nangoja mpaka leo."

Nikaitia kamera mkobani, nikashika ndoo. Nikamwona anavyofanya: anaingiza chuma tundu ambalo mimi nililipita bila kuliona, anachokoa taratibu, anatulia, anachokoa tena. Pweza akautoa mkono mmoja, ukamviringa bi mkubwa kifundo. Hakushtuka. Akamvuta, akampindua kichwa ndani nje kama anageuza soksi, akampigiza mwambani mara kadhaa, ndooni. Yote hayo anaendelea kunisimulia habari za posa ya mjukuu wake. Bamvua lililofuata aliniita mwenyewe: "Haya, toa hilo dude lako."

Sasa habari ya mwanga, maana nimeulizwa sana nafanyaje sura nyeusi zisipotee kivulini. Kamera haijui kama inatazama mtu. Inapima mwanga wote uliomo kwenye picha na kuusawazisha uwe wa wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya bahari ya saa tatu asubuhi, maji yanamemeta, kamera itapunguza mwanga kwa ajili ya maji, na sura itabaki kivuli chenye meno. Dawa yangu: napima mwanga shavuni, si baharini, au naongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja, hatua moja na nusu, na maji nayaacha yaungue, yatoke meupe tupu. Dawa ya pili niliigundua kwa bahati. Mtu akisimama kando ya ngalawa iliyotweka tanga jeupe, jua likapiga tanga, mwanga unamrudia usoni umelainika. Nilishatamani kununua kile kitambaa cha kuakisi mwanga cha studio. Kumbe matanga tunayo, na mji wenyewe unaitwa hivyo.

Enzi za filamu hali ilikuwa mbaya zaidi. Kodak walizipelekea maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaiita "Shirley", na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Picha zangu za mabaharia wenzangu wa miaka ile zinasikitisha.

Na balaa hilo halijaisha. Nilipeleka picha za Kigombe kusafishwa studio moja mjini, mashine yao ikazing'arisha yenyewe bila kuulizwa. Nikazipeleka vilevile kwa uvivu wangu. Bi mkubwa akaitazama yake, akaigeuza, akaitazama tena: "Mwanangu, huyu ni mimi au mdogo wangu aliyezaliwa Ulaya?" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikarudi nazo zote, nikasimama nyuma ya kijana wa mashine mpaka akazima ile sehemu ya kusahihisha.

Nje ya zile sura arobaini, upande wa viumbe, nilipanda msitu wa Amani, milima ya Usambara, usiku mbili tu. Kinyonga wa pembe tatu nilimpata kwa tochi. Usiku wanalala ncha za vijiti na rangi inapauka, kwa hiyo wanaonekana kirahisi kuliko mchana. Mwenyeji wangu alinishikia tochi kwa mbali, kumkaribia hakutaka. Picha tatu nzuri, nyingine zimetikisika.

Kilichonikalia zaidi ni kile kiua kidogo cha zambarau cha Usambara. Mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao mwaka 1892, mwaka uliofuata kikapewa jina la kitaalamu kutokana na lake, na sasa kimejaa madirishani duniani kote. Ninayo picha ya ua hilo boksini: chungu kwenye dirisha la ofisi ya wakala wa meli, Hamburg. Niliipiga kwa kupendezwa na rangi, nikidhani ni ua la huko.

Vifaa: lenzi ndefu imeanza kuota kuvu kwa ndani, unyevu wa chumvi hauna huruma. Nimezihamishia lenzi zote kwenye bati la biskuti pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu ninavyoomba maduka ya viatu.

Jumanne nilirudi Kigombe na nakala mpya. Bi mkubwa akaisogeza mbali na macho, akaikubali. Akaigeuza nyuma, akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikasoma.

"La babu umeliacha."

Nikaliongeza palepale, kwa kalamu, juu ya ndoo iliyofunikwa. Jirani yake naye akachukua yake. Zilizofika: 17.