Moshi hadi Marangu, kusaka katuni ya dakika mbili

Moshi mjini, mlima Kilimanjaro unauona alfajiri au huuoni kabisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu mbili zilikuwa tayari kwenye stendi juu ya paa la gesti: moja inatazama Kibo, kilele kirefu cha mlima, nyingine Mawenzi, kilele cha pili, ambaye ukiwa mjini anakaa mkono wa kulia. Saa mbili na nusu mawingu yakafunga. Muda huo ulitosha. Picha moja kila sekunde 10 kwa saa mbili ni picha 720, na kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde hizo ni sekunde 30 za mawingu yakipanda.

Za Mawenzi ziliharibika. Mwanga uliachwa simu ijipangie, basi kila wingu likipita picha inang'aa na kufifia kama taa ya tyubu inayokaribia kufa. Gusa kioo na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vijifunge, na upime mwanga kwenye theluji, si kwenye migomba. Ukipima kwenye migomba, Kibo inageuka doa jeupe lisilo na mstari hata mmoja wa kuchora.

Kisa chenyewe cha katuni Wachaga wanakijua. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akapewa kaa, na ndizi za kula juu yake. Utamu ukamkolea, akawa anarudi kila mara na kisingizio kile kile, mpaka Kibo akachoka, akashika mchi, akamtwanga. Ndiyo maana Kibo, mita 5,895, ana bega la mviringo, na Mawenzi, mita 5,149, amebaki mapengo matupu. Wasimulizi hawakubaliani alirudi mara ngapi. Kwa katuni fupi, mara tatu zinatosha. Wahusika wawili, kifaa kimoja, na ushahidi uko nje ya dirisha.

Kilichokosekana ni mchi. Tukapanda haisi ya Marangu Mtoni, kupitia Himo, kama kilomita 40.

“Shikamoo mama,” tukamsalimia mwenye kinu.

“Marahaba. Mnataka kupiga picha au mnataka kutwanga?”

Vyote viwili, na kutwanga kwanza, kwa sababu uzito wa mchi hauonekani kwa macho mpaka bega lishike moto. Kisha video, kutokea ubavuni, simu usawa wa kiuno. Hapa wengi hukosea: simu nyingi hurekodi kwa mwendo wa fremu unaopanda na kushuka, hivyo igeuze video kwanza iwe fremu 24 kamili kwa sekunde ndipo uhesabu, la sivyo hesabu itateleza. Pigo moja la yule mama lilikuwa hivi: mchi kupanda fremu 14, kushuka 6, kutulia kinuni 4. Ukishika kila mchoro kwa fremu mbili, kupanda ni michoro 7, kushuka 3, kutulia mmoja tu, unaoshikwa kwa fremu zote 4. Ukiongeza mchoro wa nne kwenye kushuka, mchi unakuwa wa sponji. Na mwili hutangulia: magoti hulegea kabla mikono haijaanza kushuka.

Njiani kuelekea maporomoko ya Kinukamori wanapita akina mama na mikungu kichwani. Kanuni ya darasa la katuni inasema kichwa hupanda mguu mmoja unapopita mwingine. Kwa mkungu si kweli. Kichwa kinakwenda kwenye mstari kama kimepigwa rula, na kupanda kote kunamezwa na magoti na nyonga. Fuata kanuni, mkungu utaonekana umejazwa pamba.

Sauti ya maporomoko haifai. Kwenye maikrofoni ya simu inasikika kama redio iliyokosa stesheni. Sogea kwenye mfongo, ule mfereji mdogo unaopeleka maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, uvalishe simu soksi safi kuzuia upepo, na urekodi dakika nzima bila mtu kuzungumza. Kinu nacho kirekodi peke yake, kitupu na chenye ndizi, maana kila kimoja kina mlio wake.

Mpakani mwa kihamba kuna isale, jani ambalo Mchaga hulipeleka anapoomba msamaha. Kisa cha zamani huishia kwenye kipigo. Katuni inaweza kuishia kwa Mawenzi akiwa na isale mkononi, bila neno hata moja, na mtazamaji wa Rombo au Kibosho ataelewa kabla ya mtoto wa Dar es Salaam kuuliza.

Usiku gesti, majaribio ya vikaragosi vya majani ya mgomba: mwili kipande kimoja, mkono wa mchi kipande cha pili, kiungo ni uzi wenye fundo pande zote. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, la sivyo taa nyingine zitachora michirizi. Jani bichi usilitumie. Chini ya taa linanywea kati ya picha na picha, na kwenye filamu mhusika anaonekana anapumua hata akiwa amekufa. Chukua makavu, yakandamize siku kadhaa kati ya magazeti, kisha yagandishe juu ya manila.

Yetu hayakukandamizwa. Kulipokucha kingo zilikuwa zimejikunja na kupasuka. Kibo akakatwa upya kwa katoni. Mawenzi akaachwa hivyo hivyo.